Wastani wa shule na watoto wanaoingia getini

Msomaji wa Igogo, hapa Mwanza, ameniandikia hivi:

“Shikamoo mwalimu. Binti yangu alianza darasa la kwanza mwaka 2022 katika shule ya serikali ya mtaani kwetu. Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka, shule yetu inakuwa chini ya zile za mjini kati. Majirani wanasema haitainuka, maana imejaa watoto wa wavuvi, wa mama ntilie na wa wapangaji wanaokaa miezi sita wakahama. Nimeahidiwa nafasi katika shule nyingine ya serikali upande wa mjini, ila itabidi apande daladala. Baba yake anataka tukope tumpeleke shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Mimi nauza mapanki, yale mabaki ya sangara, yeye ni kibarua kiwandani. Je, shule yetu ni mbovu kweli? Nimhamishe?”

Marahaba mama. Nianze na jibu lenyewe ili usihangaike kulitafuta: usimhamishe kwa sababu ya wastani wa matokeo ya darasa la saba, na usikope. Ukishatulia, nenda kaiangalie shule yenu kwa namna nitakayokueleza. Inawezekana ni nzuri kuliko inavyosemwa, na inawezekana ina tatizo la kweli, lakini tatizo hilo hutalipata kwenye tarakimu ambayo majirani wanaitaja.

Nimefundisha shule za msingi, kisha nikahamia kwenye ukaguzi, kazi ambayo siku hizi inaitwa uthibiti ubora. Swali lako nimeulizwa na wazazi wengi wa kanda hii ya ziwa, na linaniuma, kwa sababu familia nyingi zimejiingiza kwenye madeni na watoto wengi wamebebeshwa safari za alfajiri kwa kufuata namba iliyosomwa vibaya.

Hebu tuitazame hiyo namba. Katika miaka hii, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa na masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Mtoto mwenye alama 241 na kuendelea anapata daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Hao wote wanahesabiwa wamefaulu. Chini ya hapo ni D na E. Kwa hiyo shule inaweza kutangaza kwamba imefaulisha asilimia 100 huku karibu watoto wote wakiwa na alama 125 au 130 kati ya 300, na shule jirani ikawa na asilimia 80 huku robo ya watoto wake wakiwa na B za juu. Ukiuliza barabarani, utaambiwa ya kwanza ndiyo bora. Kitaifa, katika miaka ya karibuni, ufaulu umekuwa karibu asilimia 80, maana yake kuvuka mstari wa 121 ni jambo ambalo watoto wanne kati ya watano wanaliweza. Mstari huo hauwatenganishi sana watoto, na hauzitenganishi shule hata kidogo.

Wastani wa shule, ule wa alama 140 au 170, unasema zaidi kidogo. Lakini nao unapima mahali mtoto alipofika, haupimi alipoanzia. Chukua watu wawili wanaokimbia kuelekea uwanja wa Nyamagana, mmoja kaanzia Buhongwa na mwingine Mkuyuni. Ukiwasubiri getini kwa uwanja ukaandika nani katangulia, umeandika kitu cha kweli, lakini hujajua nani ana mbio. Shule ya mjini kati ambayo nusu ya wazazi wake ni watumishi na wafanyabiashara wenye maduka inapokea watoto waliokaa darasa la awali mwaka mzima, wenye vitabu nyumbani, wenye mtu wa kuwauliza “umesoma nini leo?” Shule yenu inapokea na wale ambao kalamu ya kwanza wanaishika siku ya kwanza darasani. Miaka saba baadaye wote wanapewa karatasi moja.

Sasa niseme kuhusu watoto wa mwambao, maana hapa ndipo maneno ya majirani zako yana chembe ya ukweli iliyogeuzwa kuwa tusi.

Maisha ya familia inayotegemea ziwa hayaendi kwa kalenda ya shule. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika na fedha inapotea mtaani. Ikirudi giza, kazi inarudi: kuna wa kupokea mzigo, wa kuanika, wa kulinda vichanja. Niliwahi kufungua daftari la mahudhurio la darasa la tano katika shule moja ya ufukweni, nikaona alama za utoro zimejikusanya, siku kadhaa mfululizo, kisha zimetulia, kisha zimejikusanya tena mwezi uliofuata. Wavulana wale wale, na wasichana wawili. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika “mtoro sugu” kwenye majina manne. Nikamwomba tuweke kalenda ya mwezi mwandamo pembeni ya daftari. Hatukuwa na la kubishana. Watoto wale hawakuwa wakaidi. Walikuwa wafanyakazi wa familia zao kwa siku ambazo familia ilikuwa na kazi. Shule ile baadaye ikapanga masomo ya ziada ya Hisabati kwenye wiki za mbalamwezi, na wale wanne wakaanza kuonekana.

Kuhama nako ni kweli. Mvuvi anafuata samaki, leo Igogo au Kirumba, mwakani kambi ya Ukerewe au visiwa vya Sengerema, mama anabaki au anamfuata, mtoto anahamishwa katikati ya muhula. Mpangaji wa chumba kimoja akipandishiwa kodi anasogea Mabatini, kisha Mahina, kisha Igoma. Kila uhamisho unamgharimu mtoto wiki kadhaa za kutojua mwalimu amefika wapi, na wengine wanarudi nyuma katika somo moja tu lenye kujengwa ngazi kwa ngazi, yaani Hisabati, wasilipate tena. Shule yenye watoto wanaoingia na kutoka namna hiyo inabeba mzigo ambao hauonekani kwenye matokeo. Mtoto aliyefika Julai akiwa darasa la sita anahesabiwa kuwa ni zao la shule hiyo sawa na aliyeanzia pale darasa la awali.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Huko milimani kwenu, nyumba zimepachikwa juu ya mawe, ndoo ya maji inapandishwa kichwani, chumba ni kimoja na redio ni moja. Mtoto anayesoma usiku anasoma wakati wadogo zake wanataka taa izimwe. Sisemi hayo kuwaonea huruma watu wa Igogo. Nasema ili ujue kwamba mtoto wa huko akipata alama 150 amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake aliyepata 190 akiwa na meza yake, taa yake na mwalimu wa tuisheni anayekuja Jumamosi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mji wetu wanalisahau wakiwalaumu walimu: watu wameongezeka mno. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 363,452 Nyamagana, yaani jiji lenyewe, na 343,001 Ilemela, manispaa iliyo pembeni yake. Ile ya 2022 ikakuta 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Yaani ndani ya miaka kumi jiji na manispaa hiyo kwa pamoja vimetoka watu laki saba kufika milioni moja na laki moja. Madarasa hayakukua kwa kasi hiyo, na walimu ndiyo kabisa. Ukipanda daladala kwenda Buhongwa au Kishili unaiona hali kwa macho: nyumba mpya kila kona, na shule ambayo ilijengwa kwa ajili ya kijiji sasa inahudumia mji. Ndiyo maana utakuta kiwanja kimoja kina shule mbili au tatu, A, B na C, na bado wengine wanasoma asubuhi na wengine mchana.

Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa la shule ya msingi. Tuseme darasa lina watoto 120, jambo ambalo si geni mjini kwetu. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu akitaka kumsogelea kila mtoto, ana sekunde 20 kwa kila mmoja, na hapo hajafundisha. Akitoa zoezi la maswali matano na kulisahihisha kwa dakika moja tu kila daftari, anahitaji saa mbili nzima, kwa somo moja, kwa darasa moja, siku moja. Nani anaweza? Anachofanya ni kuwaambia wabadilishane madaftari, au anasahihisha ya safu ya mbele. Mtoto wa nyuma anakaa miezi mitatu bila mtu mzima kuona kwamba hajui kukopa anapotoa. Ukiniuliza ni kitu gani kinachoshusha shule za mwambao na za pembezoni kuliko kingine chochote, nitataja huu msongamano wa madarasa ya mwanzo kabla sijataja kazi ya mzazi yeyote.

Na msongamano huu una historia yake ya kuheshimika. Mara tatu nchi hii imefungua mlango na watoto wakaingia kabla ya madawati: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambalo lilitolewa hapa hapa mwambao wa ziwa na kutaka kila mtoto apate elimu ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza, na Januari 2016, elimu bila ada ilipofika hadi kidato cha nne. Walioingia darasa la kwanza mwaka 2016 ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2022, na watahiniwa walizidi milioni 1.3. Kila mlango ulipofunguliwa watu walilalamika kwamba shule zimeharibika. Lakini fikiri: shule iliyokuwa na watoto 60 wa wazazi wenye uwezo wa kulipa, wakaongezeka 90 ambao jana walikuwa wanazunguka mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, wastani wake utashuka hata kama kila mtoto pale anafundishwa vilevile. Wale 60 hawajapoteza lazima, na wale 90 wamepata. Mimi kushuka kwa namna hiyo siwezi kukuita kuharibika.

Je, basi shule haina kazi, kila kitu ni nyumbani? Hapana, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wapo wanaopenda kusema hivyo ili wajifariji. Mwaka 1966, huko Marekani, mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa taarifa kubwa iliyoonyesha kwamba hali ya familia ilieleza matokeo ya mtoto kuliko majengo na vifaa vya shule. Taarifa ile ilisomwa dunia nzima. Miaka michache baadaye mtafiti mwingine Mmarekani, Stephen Heyneman, akapima watoto wa shule za msingi ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, akakuta picha tofauti: hali ya kiuchumi ya familia ilikuwa na uzito mdogo sana katika matokeo kuliko alivyotarajia mtu aliyesoma habari za Marekani. Mwaka 1983 yeye na William Loxley walitoa uchambuzi wa nchi 29, wakaonyesha kwamba kadiri nchi ilivyo na kipato kidogo, ndivyo ubora wa shule na mwalimu ulivyokuwa na nguvu zaidi. Wataalamu wamebishana juu ya hilo tangu hapo, na katika nchi nyingi pengo la matajiri na maskini limekua. Lakini kwa niliyoyaona madarasani, Heyneman alishika jambo la kweli kuhusu sisi: pale ambapo nyumbani hakuna kitabu hata kimoja, mwalimu mzuri ndiye kitabu, na mwalimu anayekosa vipindi anamwacha mtoto bila chochote. Mtoto wa mjini kati akikosa mwalimu mwezi mzima atasukumwa na nyumbani. Wa Igogo hana wa kumsukuma. Kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa, na uzito wa jibu ni mkubwa kwako kuliko kwa mzazi mwenye fedha.

Sasa, utajuaje shule yenu inafanya nini ndani ya geti?

Kwanza ilinganishe na inayofanana nayo. Achana na ya mjini kati, achana kabisa na za binafsi. Kama kiwanja chenu kina shule mbili, hiyo ndiyo bahati yako, kwa sababu watoto wao ni wa mitaa ile ile, wanapita njia ile ile, na mara nyingi ndugu wa tumbo moja wamegawanywa huku na huku. Tofauti ya matokeo kati ya shule A na shule B ndani ya uzio mmoja haiwezi kuelezwa kwa uvuvi wala kwa kupanga. Hiyo ni ya mwalimu mkuu na walimu wake. Nimeona pacha wa namna hiyo wakitofautiana mno, na kila nilipochimba nilikuta jambo moja lile lile: upande mmoja walimu wenye uzoefu wamewekwa darasa la kwanza na la pili, upande wa pili wamerundikwa wote darasa la saba kwa ajili ya mtihani. Kama hakuna pacha, chukua shule ya mwambao yenye hali kama yenu, za Kirumba kwa mfano.

Pili, wafuate watoto wale wale. Baraza la Mitihani linatoa matokeo ya kila shule, ya darasa la nne na ya darasa la saba, na kijana yeyote mwenye simu yenye bando anaweza kukufungulia. Waliokuwa darasa la saba mwaka 2024 walikuwa darasa la nne mwaka 2021. Angalia mwaka 2021 shule yenu ilikuwa wapi ikilinganishwa na tatu nne za jirani, kisha angalia 2024. Kama ilikuwa ya mwisho ikapanda, mahali pale watoto wanasukumwa mbele. Kama ilikuwa katikati ikateleza, hapo pana maswali. Si kipimo kamili, kwa sababu kuna waliohama, lakini ni bora mara kumi kuliko kutazama mwisho peke yake. Fanya hivyo kwa miaka miwili mitatu, usiishie mmoja. Shule yenye watahiniwa 25, mtoto mmoja akiugua siku ya mtihani ufaulu unashuka kwa asilimia 4. Yenye 250 haitikisiki hata kidogo. Shule ndogo zinapanda na kushuka kila mwaka kama bei ya dagaa, na watu wanasifia na kulaani bure.

Halafu uliza walipo waliokosekana. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine na ndilo wazazi wasilolifikiria. Tuseme shule iliandikisha watoto 310 darasa la kwanza, na miaka saba baadaye waliofanya mtihani ni 240. Sabini wako wapi? Kwenu wengi watakuwa wamehama, na mwalimu mkuu makini atakuonyesha barua zao za uhamisho. Lakini zipo shule zinazosifiwa ambazo zimefika pale kwa kukaririsha watoto wazito darasa la nne, kumshauri mzazi “mtafutie mtoto pengine”, na kubaki na wepesi. Wastani wao unapendeza. Wale walioshauriwa kwenda pengine wanapokelewa na shule kama yenu, wanashusha wastani wenu, na shule yenu inaitwa mbovu kwa kuwa haikumfukuza mtu. Shule inayopokea kila anayebisha hodi, ikafikisha wengi wao kwenye mtihani, ina heshima yake, hata kama hakuna anayeitangaza. Namshukuru aliyeamua Baraza liache kutangaza orodha ya shule kumi bora. Orodha ile ilikuwa inalipa mchezo huu.

Tatu, nenda mwenyewe. Usiende siku ya kikao, nenda asubuhi ya kawaida, pita kwa mwalimu mkuu, omba kuona madaftari ya binti yako na ya wenzake wawili wa meza moja. Fungua daftari la Hisabati. Hesabu kurasa zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu katika mwezi uliopita, na angalia kama mtoto alirudishiwa kosa akalifanya upya. Daftari ndilo shahidi nisiyewahi kumwona akisema uongo. Linaonyesha mwalimu aliingia darasani siku gani, alitoa kazi gani, na alijali kiasi gani. Kisha omba mtoto yeyote wa darasa la tatu akusomee aya moja ya Kiswahili kutoka kitabu cha darasa la pili. Akisoma kwa kudonoa herufi, na mwenzake vilevile, na wa tatu vilevile, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, haijakaa, na hakuna juhudi ya darasa la saba itakayoiokoa shule hiyo. Wakisoma bila kuhangaika, hata kama darasa lina watoto 120 na dari limetoboka, basi mwanao yuko mikononi mwa watu wa kazi.

Uliza pia kuhusu chakula. Shule ambayo kamati na wazazi wamekubaliana uji au makande ya mchana, na wakachangia kweli, mahudhurio yake ya alasiri ni tofauti na ya jirani. Mtoto aliyeshinda na njaa hawezi vipindi vya mwisho, na vipindi vya mwisho ni sehemu ya siku ileile.

Sasa niyajibu yale ya majirani, kwamba watoto wa wavuvi wanaishusha shule. Mama, wewe unauza mapanki. Baba yake ni kibarua. Huyo mtoto wanayemwogopa majirani ni binti yako. Wazazi wa upande wa mjini wanasema hivyo hivyo juu ya shule nzima ya Igogo. Nimeona mitaa ambapo kila mzazi mwenye nafuu kidogo alimwondoa mwanawe, mmoja baada ya mwingine, na kilichobaki ni shule isiyo na mzazi hata mmoja wa kusimama kwenye kikao na kuuliza ruzuku imetumikaje au kwa nini darasa la pili halina mwalimu tangu Februari. Wastani ukashuka zaidi, na waliohama wakasema “tuliwaambia.” Kuhama kwao kulikuwa sehemu ya sababu. Simlaumu mzazi anayemtafutia mwanawe mema, hiyo ni kazi yake. Lakini ukibaki, na mkabaki watano wenye macho kama yako, mna nguvu kuliko mnavyodhani. Ingia kwenye kamati ya shule, wazazi wanachaguliwa.

Kuhusu shule ya mjini: mtoto wa umri wake kupanda daladala asubuhi ya Mwanza, akisukumwa na makonda wasiotaka nauli ya mwanafunzi, akirudi jioni amechoka, ni gharama ambayo wazazi hawaihesabu kwa sababu hailipwi kwa fedha. Saa mbili za njiani kila siku ni saa mbili za kulala au kusoma. Tena anapofika kule atakuwa mmoja wa watoto 100 darasani vilevile, maana kila mzazi wa Igogo, Mabatini na Mkuyuni amewaza kama wewe. Kama madaftari ya kule si bora waziwazi kuliko ya hapa, mwache asome karibu na nyumbani.

Ya binafsi ina hoja moja ya kweli, nayo ni lugha. Shule zetu za msingi za serikali nyingi zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na kidato cha kwanza kinawaangusha watoto wenye akili kabisa. Hofu ya mumeo ina msingi. Ila shule hizo zinasaili kabla ya kupokea, kwa hiyo sehemu kubwa ya matokeo yao ilikuwa imeshapatikana siku ya usaili. Na kwa kipato cha kibarua na mapanki, hatari iliyo mbele yenu ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa ada katikati ya muhula, mwaka huu na mwakani, kisha kurudi serikalini akiwa amepoteza huku na kule. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingemnunulia kamusi, vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi na mwalimu wa Kiingereza wa mara mbili kwa wiki hadi amalize. Mwambie mumeo nimesema hivyo kwa heshima.

Upo wakati ningekuambia hamisha, tena haraka. Ukikuta madaftari hayajasahihishwa miezi miwili. Ukikuta binti yako hasomi vizuri na mwalimu hajui jina lake. Ukisikia watoto wanatumwa kazi za walimu wakati wa vipindi. Ukisikia chochote kuhusu usalama wa wasichana, usisubiri hata wiki, na kabla ya kuondoka toa taarifa ofisi ya kata na dawati la jinsia polisi, maana utawaacha wengine nyuma.

Ukiamua kuhama, angalia kalenda. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo, na binti yako ni mmoja wao, wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita. Maana yake mwaka 2027 watamaliza pamoja na wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani, na Januari 2028 madarasa mawili yatabisha hodi sekondari kwa pamoja. Sera mpya inataka miaka 10 ya elimu ya lazima, kwa hiyo mstari wa 121 hautakuwa lango kama ulivyokuwa kwa dada zake. Kitakachombeba ni kusoma, kuhesabu na Kiingereza atakachoingia nacho kwenye kidato cha kwanza kilichojaa. Kama ni kumhamisha, mhamishe mapema, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kabla hajafika darasa la mtihani. Hakikisha shule unayomtoa na ile unayompeleka zimekamilisha uhamisho wake kwenye PREMS, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, siyo barua ya mkononi peke yake, kwa sababu mtoto anasajiliwa kwa mtihani kwa namba iliyomo humo, na nimewaona watoto walioanza kuhangaikiwa usajili wakati wenzao wameshasajiliwa.

Wiki hii anza na daftari la Hisabati. Ukishaliona, niandikie ulichokuta, utaje na idadi ya watoto wa darasa lake, tuendelee kutokea hapo.